UZI: Kuhamisha rangi za picha: picha nzima kwa mkupuo, au eneo kwa eneo? Wapiga picha wa Tanga tujadiliane

MwanaRaskazone (#1)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila msimu wa harusi unapokolea hapa Tanga, swali hili linarudi kwenye magrupu yetu. Fulani kaona picha mtandaoni yenye rangi za kupendeza, anataka harusi aliyoipiga Raskazone nayo ionekane hivyo. Majibu huwa yale yale: watu wanarushiana preseti (mipangilio ya rangi iliyoandaliwa tayari), mjadala unafia hapo. Naomba leo tuingie ndani. Tujue programu inafanya nini hasa tunapoiambia ihamishe rangi, maana usipoijua hesabu yake huwezi kujua itakuharibia wapi.

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza inaichukua picha nzima kama kitu kimoja: inapima rangi zote kwa pamoja, inapima za picha rejea (ile unayotaka kuiga rangi zake) kwa pamoja, kisha inasukuma kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, kwa kanuni moja. Ya pili inagawa picha, ngozi na ngozi, mbingu na mbingu, nguo na nguo, kila eneo na hesabu yake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Njia ya picha nzima inafaa sana kuziweka picha za tukio moja katika hali moja, rejea ikiwa picha yako mwenyewe ya tukio hilo hilo. Ukileta rejea kutoka nje, ngozi na nguo nyeupe zitengwe. Hapo sioni cha kubishana, na nitaonyesha kwa namba.

Njia ya picha nzima tunayoitumia leo ilipata umaarufu mwaka 2001, Erik Reinhard na wenzake Michael Ashikhmin, Bruce Gooch na Peter Shirley walipoichapisha. Hawakufanya hesabu kwenye RGB. Sababu ni kwamba nyekundu, kijani na bluu hupanda na kushuka pamoja. Sehemu ikiwa na mwanga mwingi zote tatu zinapanda, kwa hiyo ukigusa moja umezivuruga zote. Wakatumia mfumo ambao Ruderman na wenzake waliutoa mwaka 1998, wenye chaneli moja ya mwangaza, moja ya njano na bluu, na moja ya nyekundu na kijani. Hizo zinaachana vizuri, unaweza kuigusa moja bila kuvuta nyingine. Siku hizi wengi tunatumia CIELAB ya mwaka 1976 kwa kazi hiyo hiyo: L ni mwangaza, a ni kijani kwenda nyekundu, b ni bluu kwenda njano.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua pikseli, toa wastani wa picha yako. Zidisha kwa mtawanyiko wa rejea (kiasi rangi zake zinavyosambaa kutoka kwenye wastani) ukigawa kwa mtawanyiko wa picha yako. Ongeza wastani wa rejea. Fanya hivyo kwa chaneli zote tatu, umemaliza.

Sasa tuitazame kazini. Tuseme umempiga bibi harusi ufukweni saa kumi jioni. Bahari na mbingu zimejaa fremu, yeye kachukua kama sehemu moja ya ishirini. Kwenye chaneli ya b wastani wa picha nzima uko −10 kwa sababu ya maji na mbingu, mtawanyiko 8. Ngozi yake iko +18. Rejea uliyoipenda ni ya machweo, wastani +25, mtawanyiko 12.

Maji yaliyokuwa −12: toa −10, inabaki −2. Zidisha kwa 1.5, inakuwa −3. Ongeza 25, unapata 22. Maji yamepata machweo yake, safi kabisa.

Ngozi iliyokuwa 18: toa −10, inakuwa 28. Zidisha kwa 1.5, inakuwa 42. Ongeza 25, unapata 67. Ngozi ya binadamu haifiki huko. 67 ni rangi ya bizari.

Programu haijakosea hata kidogo. Imefanya ulichoiambia. Tatizo ni kwamba wastani ulitokana na bahari, halafu kanuni ya bahari ikampitia na bibi harusi. Ndiyo maana picha kwenye simu, ukiitazama kwa mbali, unaona imefaulu. Ukivuta uso kwa vidole viwili ndipo unaona mtu mwenye homa ya manjano.

Ukitenga eneo hesabu inageuka. Ngozi ya picha yako wastani 18 na mtawanyiko 4, ngozi ya mtu aliye kwenye rejea wastani 24 na mtawanyiko 5. Pikseli ya 18 inakuwa 24. Imepata joto la jioni na imebaki ngozi.

Karibuni. Wenye uzoefu wa video na wa kompyuta nawasubiri kwa hamu.

---

Duga_Mwembeni (#2)

Mkuu umenifungua macho kwa zile namba. Ila nina swali. Mimi natumia Match Color ya Photoshop, ambayo nadhani ndiyo hiyo hiyo ya picha nzima, na mara nyingi inanitokea vizuri tu. Kwa nini kwangu inakubali?

---

MwanaRaskazone (#3)

Duga, nadhani ni kwa sababu ya rejea unazochagua. Picha mbili zikiwa na mpangilio unaolingana, mathalani zote mbili ni mtu amejaa nusu ya fremu na nyuma kuna majani, wastani wa hii na ile vinazungumzia vitu vile vile. Hesabu moja inatosha. Uwiano wa vitu ndio unaoamua. Piga mtu kwenye shamba la mkonge, kijani mwanzo mwisho, halafu rejea iwe ya sebuleni yenye ukuta mweupe, uone.

Na Match Color ina kitu wengi hawakigusi. Ukichora uteuzi kwenye picha yako na kwenye rejea kabla ya kufungua amri, kuna visanduku vya kuiambia ihesabu kwa kutumia uteuzi huo badala ya picha yote. Zungushia ngozi huku, zungushia ngozi kule. Hapo umetoka kwenye picha nzima umeingia kwenye eneo, kwa chombo kile kile.

---

FundiPikseli (#4)

Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, nyumbani Chumbageni. Niongeze upande wa hesabu.

Wastani na mtawanyiko ni namba mbili tu kwa kila chaneli. Zinatosha picha ikiwa na rangi zilizojikusanya sehemu moja. Lakini picha ya harusi ina vikundi: ngozi, kitambaa, majani, taa. Mtawanyiko ukipimwa kwa pamoja hauelezi kikundi hata kimoja. Ndiyo maana wapo waliosogea mbele wakalinganisha histogramu nzima (hesabu ya pikseli ngapi zina kila thamani ya rangi) badala ya namba mbili.

François Pitié, Anil Kokaram na Rozenn Dahyot walifanya kazi nzuri sana hapo, mwaka 2005 na tena 2007. Shida ya histogramu ni kwamba ukilinganisha chaneli moja moja unapoteza uhusiano kati yao. Wao wakazungusha mhimili wa rangi, wakalinganisha, wakauzungusha upande mwingine, wakalinganisha tena, na kurudia mpaka mgawanyo wote wa rangi wa picha mbili unakaribiana kabisa. Nyuma yake kuna hesabu ya zamani mno: Gaspard Monge wa Ufaransa, mwaka 1781, alijiuliza namna ya kuhamisha udongo kutoka lundo moja kwenda shimo jingine kwa jasho kidogo iwezekanavyo. Rangi ndio udongo.

Lakini angalieni: hiyo bado ni picha nzima. Ni yenye nguvu zaidi, na kwa hiyo inaharibu kwa nguvu zaidi. Rejea ikiwa na nyekundu asilimia 30, itahakikisha picha yako nayo inapata nyekundu asilimia 30, hata kama ulipiga kisima. Pia inakuza chembechembe za kelele (vidoa vidogo visivyotakiwa kwenye picha), na wenyewe wakalazimika kuongeza hatua ya mwisho ya kurudisha mistari na mipito ya picha ya awali.

Kwa eneo kwa eneo, kazi ninayoipenda ni ya Yu-Wing Tai, Jiaya Jia na Chi-Keung Tang ya mwaka 2005. Hawakati picha kwa mkasi. Kila pikseli inapewa uwezekano: hii ni ngozi kwa 0.7 na mbingu kwa 0.3. Matokeo yanachanganywa kwa uzito huo. Ukingo wa nywele unatoka laini.

Na tumtendee haki Reinhard. Kwenye makala yale yale ya 2001 aliona tatizo la picha zenye vitu tofauti, akapendekeza mtumiaji achague vipande vinavyolingana, jozi kwa jozi, na kila pikseli ichanganye majibu kulingana na ukaribu wake na kila kipande. Kwa hiyo eneo kwa eneo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tulichukua nusu ya kwanza tukaiacha ya pili.

---

BintiMakorora (#5)

Salaam kwenu nyote. Nimesubiri mtu aseme habari ya hina, sijaona, basi niseme mimi.

Napiga upande wa akina mama: singo, siku ya hina, mpaka bibi harusi anapotolewa. Huko mimi ndiye mwenye kamera peke yangu, na wateja wangu ni watu wanaoangalia mikono kabla ya uso.

Hina ya asili ikibanduliwa siku ile ya kwanza inakuwa ya rangi ya chungwa. Inaendelea kukolea siku moja au mbili, inafika kahawia yenye wekundu, na hapo ndipo mwenye hina anafurahi. Kwa hiyo mkono ule ule una rangi mbili za kweli kwa siku mbili. Kuna wahariri wanaopokea picha zote, wanachukua moja ya siku ya ndoa kama rejea, wanazivika picha za siku ya hina kwa mkupuo ili albamu iwe na rangi moja. Hina ya siku ya kwanza inalazimishwa kukolea kabla ya wakati wake. Au kinyume chake, ya siku ya ndoa inapauka, na mama wa bibi harusi anauliza kwa nini hina ya mwanawe haikushika. Hilo ni jambo zito kwa familia, si rangi tu.

Piko nayo. Piko ni nyeusi. Ukiongeza njano kwenye picha nzima, weusi unapata njano vile vile, unakuwa kahawia. Mchoro uliokuwa na piko na hina pamoja, kazi ya mikono ya mtu iliyochukua usiku mzima, unageuka rangi moja.

Ninachofanya: kabla sijagusa chochote napiga picha ya karibu ya kiganja na ya nyuma ya mkono, kwenye kivuli, mchana, mbali na ukuta wenye rangi. Hiyo ndiyo rejea ya mikono ya siku hiyo. Naifanyia maski mikono yote, yaani naitenga na picha iliyobaki, halafu mikono inafuata rejea yake na chumba kinafuata ya kwake. Inachukua muda, ndiyo. Lakini siwezi kumpa mtu picha ya mkono usio wake.

---

MwanaRaskazone (#6)

Dada BintiMakorora, ahsante sana. Hii ni hoja bora kuliko namba zangu zote. Naomba kila anayesoma uzi huu aisome hiyo #5 mara mbili.

---

Mzee wa Filamu (#7)

Wanangu, hamjambo. Mimi nimeanza kazi hii enzi za filamu, studio ya barabara za Ngamiani, kusafisha picha gizani.

Mnazungumza rejea kana kwamba imekuja na kompyuta. Rejea ilikuwepo. Maabara za kusafisha picha za rangi zilitumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, picha ya mwanamke wa Kizungu na mabaka ya rangi pembeni yake. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya yule mwanamke itoke sawasawa, kisha picha za watu wote zikapita kwa kipimo hicho. Sura zetu zilitoka giza, macho na meno ndivyo vilivyoonekana. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa miaka ya 1990.

Basi ninapomwona kijana leo anachukua picha ya mwanamitindo wa Ulaya kuwa rejea ya bibi harusi wa Pongwe, naona kadi ile ile imerudi kwa mlango wa nyuma. Chaneli ya mwangaza nayo inahamishwa, msisahau. Binti anatoka mweupe kuliko alivyozaliwa. Wengine wanasema mteja ndivyo anavyotaka. Mimi nasema mpe kwanza picha yake ilivyo, nzuri, yenye mwanga mzuri, uone kama ataomba hiyo nyingine.

---

FundiPikseli (#8)

Shikamoo mzee.

Kitaalamu hilo linazuilika kirahisi. Hamisha a na b tu, L ya ngozi iache. Na hata a na b, tazama uelekeo zaidi ya ukubwa. Kwenye vektaskopu (kipimo kinachoonyesha uelekeo na ukolezi wa rangi) kuna mstari wa ngozi, na ngozi za watu wa aina zote zikiwa kwenye mwanga usio na rangi huangukia karibu na mstari huo huo. Tofauti kubwa ya mtu na mtu iko kwenye mwangaza na ukolezi. Kwa hiyo ukipata ngozi yako ielekee mstari ule, na mwangaza wake ubaki wake, umemtendea haki.

---

Mzee wa Filamu (#9)

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

---

Kidau (#10)

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona uzi umeegemea upande mmoja, na mimi sikubaliani.

Mtu anarudi na picha 800 za harusi moja. Ndoa msikitini asubuhi, chakula mchana uani, ukumbini usiku. Mteja anazitaka wiki hii na analipa bei ya Tanga. Nani atachora maski 800? Kazi ya eneo kwa eneo inayofanywa kwa haraka ni mbaya kuliko picha nzima: utaona shingo ya rangi moja na uso rangi nyingine, mpaka wa maski umepita kwenye kidevu, mkono mmoja umesahaulika. Makosa ya picha nzima angalau yanafanana, jicho linayazoea. Makosa ya maski yanapiga kelele.

Kingine: picha nzima inahifadhi uhusiano. Kama kanga ilikuwa na wekundu zaidi ya ukuta, itabaki hivyo baada ya hesabu. Ukianza kugawa maeneo na kulipatia kila moja wastani wake, unaweza kupindua uhusiano huo bila kujua. Mwanga wa taa moja ulioangukia ngozi na kitambaa kwa pamoja unauachanisha. Matokeo yake mtu anaonekana kabandikwa.

Mimi nagawa kwa mwanga, basi. Asubuhi kundi moja, uani kundi moja, ukumbini kundi moja. Kila kundi na rejea yake, niliyoihariri kwa mkono kwa uangalifu wote. Zilizobaki zinaifuata kwa mkupuo.

---

MwanaRaskazone (#11)

Kidau, soma tena msimamo wangu #1. Ulichoeleza ndicho nilichosema: rejea kutoka tukio hilo hilo, picha nzima. Kwenye kugawa kwa mwanga umeniongezea, sikuwa nimeliweka hivyo, na nalichukua.

Hoja yako ya uhusiano ina uzito na nataka niikae kidogo. Taa ya manjano ikimwangukia mtu na ukuta, vyote vinapata manjano, na jicho linajua. Ukimsafisha mtu peke yake umeikana taa. Kwa hiyo ngozi isisafishwe mpaka mwisho. Mimi hupitisha hesabu ya picha nzima kwa nguvu ndogo kwanza, ili mwanga wa rejea uguse kila kitu, kisha ngozi naivuta irudi kwa maski. Mtu anabaki ndani ya chumba chake.

Tunapoachana ni pale unaposema makosa ya picha nzima jicho linayazoea. Ya ukuta, sawa. Ya uso wa mama mzazi, hapana. Na leo Lightroom yenyewe inatambua mtu, inatenga ngozi ya uso, ya mwili, nywele na nguo bila wewe kuchora, kisha unanakili maski kwa kundi lote nayo inamtafuta mtu upya kwenye kila picha. Zile 800 hazihitaji tena mikono 800. Zinahitaji uzipitie kwa macho, hilo halina njia ya mkato.

Jambo jingine la ufukweni. Rangi ndiyo inayohama. Upande mwanga ulikotokea unabaki pale pale. Kivuli cha saa sita kiko chini ya kidevu, kifupi, kikali. Ukikipaka machweo kinabaki kivuli cha saa sita chenye rangi ya machungwa. Na pwani yetu inatazama mashariki, wenyeji wanajua jua linakochwa. Ukitaka picha ya jioni, panga na maharusi waje jioni.

---

Mshale wa Kaole (#12)

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi ni wa video, harusi na matamasha ya ngoma.

Kwenye video ukiruhusu programu ihesabu wastani kwa kila fremu, picha itapepesa. Mchezaji mwenye nguo nyekundu akiingia kwenye fremu wastani unasogea, ukuta wa nyuma unabadilika rangi, akitoka unarudi. Ukuta haujaguswa na mtu lakini unapumua. Dawa ni kuhesabu mara moja kwa shoti nzima, kutoka fremu chache ulizochagua, kisha kanuni hiyo hiyo ikaendeshwa mwanzo hadi mwisho wa shoti. Nicolas Bonneel na wenzake waliandika mwaka 2013 kuhusu kuhamisha rangi za video kwa mfano, na sehemu kubwa ya kazi yao ni hiyo: kulainisha mabadiliko ya kanuni kadiri muda unavyosonga.

Eneo kwa eneo kwenye video ni gharama zaidi kwa sababu maski lazima imfuate mtu. DaVinci Resolve inafuatilia vizuri, lakini kwenye ngoma, watu wanapishana, mikono inaruka, unakaa nayo usiku kucha. Kwa hiyo shoti za karibu natenga ngozi, shoti za mbali napita na picha nzima.

Na taa za kumbini, zile za zambarau na bluu zinazobadilika, sijawahi kuona hesabu inayoziokoa. Uso uliopigwa na bluu tupu hauna taarifa ya nyekundu ndani yake, utahamisha nini? Hapo naweka taa yangu ndogo nyeupe juu ya kamera, namalizana nayo papo hapo.

---

Duga_Mwembeni (#13)

Sisi wa simu mnatuambiaje?

---

BintiMakorora (#14)

Lightroom ya simu ina maski. Snapseed ina nukta za kuchagua eneo na brashi. Kuhamisha rangi kwa rejea huko ni kwa jicho, unaweka picha mbili kando kwa kando na kufuata. Ila piga RAW (faili ghafi la kamera, kabla halijabanwa kuwa JPEG) kama simu yako inaruhusu. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, RAW ya biti 12 ina 4,096 na ya biti 14 ina 16,384. Ukitanua rangi za JPEG mara moja na nusu, mbingu inaanza kuonyesha ngazi kama ubao uliopigwa randa vibaya.

---

Mjukuu wa Bandarini (#15)

Samahani kuwatoa kidogo. Nina picha ya babu yangu akiwa na wenzake kazini bandarini, nyeusi na nyeupe. Nilijaribu kuihamishia rangi kutoka picha ya bandari ya leo, programu ikanipa picha yote ya rangi moja ya udongo. Tatizo nini?

---

FundiPikseli (#16)

Pole ndugu yangu, na hongera kwa kuitunza. Rudi kwenye hesabu ya #1. Unagawa kwa mtawanyiko wa picha yako. Picha nyeusi na nyeupe haina rangi, kwa hiyo mtawanyiko wa a na b ni sifuri, na kugawa kwa sifuri hakuna. Programu nyingi zinakwepa kwa kuacha wastani wa rejea peke yake, ndio huo udongo ulioupata kila mahali.

Hapo njia ya picha nzima haina pa kushika, kwa hiyo unahitaji eneo. Tomihisa Welsh, Michael Ashikhmin na Klaus Mueller walilishughulikia mwaka 2002. Kila pikseli ya picha ya zamani inatafuta mwenzake kwenye rejea kwa kufananisha mwangaza wake, pamoja na jinsi mwangaza unavyotawanyika kwenye majirani zake, dirisha la pikseli 5 kwa 5. Ikimpata inachukua rangi yake, mwangaza wake inabaki nao. Ngozi na mchanga vinaweza kuwa na mwangaza sawa, ndiyo maana nao waliruhusu mtumiaji aonyeshe kwa vipande: hapa ni hapa, pale ni pale.

Mwaka 2004 Anat Levin, Dani Lischinski na Yair Weiss wakaja na nyingine, unachora mistari michache ya rangi na programu inaisambaza mpaka ikutane na ukingo. Kwa picha ya babu ningekushauri hiyo. Rangi ya nguo yake waulize wazee nyumbani, mashine haiwezi kuijua.

---

Mjukuu wa Bandarini (#17)

Nashukuru sana. Bibi yupo, nitamuuliza.

---

Kidau (#18)

MwanaRaskazone, nimejaribu ulivyosema, picha nzima kwa nguvu ndogo kisha ngozi kwa maski. Rangi zimekaa. Ila kwenye ukingo wa ushungi na shavu nimepata mstari mwembamba wa kijivu. Nimelainisha maski sana, mstari ukawa mpana zaidi. Nifanye nini?

---

MwanaRaskazone (#19)

Kulainisha kila upande kwa kipimo kimoja ndiko kunakoleta huo mstari. Maski inamwagikia ushungi na wakati huo huo inapungua nguvu ndani ya shavu, kwa hiyo pikseli za ukingo hazikupata hesabu kamili ya upande wowote.

Ilainishe maski kwa kufuata picha yenyewe. Kwenye Photoshop ingia Select and Mask, washa utambuzi wa kingo, radiasi iwe ndogo, pikseli mbili tatu kwa picha ya harusi ya kawaida. Anayeandika programu kwa Python atafute kichujio elekezi (guided filter) cha Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang cha mwaka 2010. Kimo kwenye moduli za ziada za OpenCV, maktaba ya programu za picha. Unakipa maski yako pamoja na picha, chenyewe kinaivuta maski ikae juu ya ukingo wa ushungi badala ya kupita juu yake.

Kisha angalia tofauti ya L kati ya pande mbili za ukingo kabla na baada. Kama ndani ya maski umegusa a na b tu na L umeiacha, mstari utapungua, ingawa a na b za pande mbili zikichanganyika ukingoni nazo zinaweza kuleta kijivu. Nadhani hapo ndipo L yako ilipoingia. Izime, rudia, utuwekee kipande cha shavu na ushungi hapa tukione.